Maji Hayajaiva

Bahari iko hatua mia mbili kutoka mlangoni,
nami nimejaza nyingine sebuleni, ndoo kwa ndoo,
katika sanduku la kioo aliloligundisha Nachundu,
fundi madirisha wa Chikongola,
aliyeniuliza mara tatu kama nina hakika
sitaki bawaba.

Lita mia na ishirini. Meza ya kwanza ilipinda.
Mchanga niliuosha hadi vidole vikakunjamana.
Kipima chumvi kikaelea, kikasita
penye elfu moja na ishirini na tano.
Ndani ya boksi la vifaa mlikuwa na hita.
Hita, Mikindani, mwezi wa kumi na moja!
Nikaifungia kabatini na sweta niliyorudi nayo Makete,
nikaenda kutafuta feni.

Mawe sikuyang'oa baharini; huko yana wenyewe.
Niliyaokota ukutani kwa bibi, ulipoanguka na mvua:
matumbawe waliyoyachonga watu nisiowajua,
wakayapaka chokaa, yakasahau chumvi.
Nikayasugua. Nikayaloweka wiki tatu
mpaka yakaacha kutoa weupe.
Kitu kilichokuwa hai, kikawa chumba, kikawa kifusi,
nikakirudisha majini.

Kisha kamba mmoja mbichi, na maganda yake.
Nikamwacha aoze.
"Baba, unafuga uvundo," alisema Somoe.
Sikumkatalia.
Sumu haina wa kuila mpaka mlaji azaliwe,
na mlaji hazaliwi mpaka sumu iwepo.
Ndiyo kanuni yote. Nimeirudia mara nyingi
na bado inanichanganya kama deni la ukoo.

Matone manane kwenye kichupa. Tikisa. Subiri.
Siku ya nne, kijani cha kisamvu: amonia.
Siku ya tisa, kijani cha kisamvu kilichokolea.
Siku ya kumi na nne ikaanza kushuka,
na nyuma yake ikapanda nitriti, zambarau,
sumu mwana wa sumu,
na mlaji wa huyu naye bado yuko njiani.

Mama Hokororo alikuja kutazama.
Alikaa dakika kumi, akaaga vizuri,
nikamsikia nje: "Kanunua televisheni haina picha."
Nachundu akaleta vichangu wawili kwenye mfuko, zawadi.
Nikamwambia, maji hayajaiva.
"Maji?"
"Maji."
Tukaenda kuwaachia pwani. Njia nzima hakunisemesha.

Siku ya ishirini na mbili umeme ukakatika.
Pampu ikanyamaza, ndipo nikajua nilikuwa nikiisikia.
Bakteria nao huvuta pumzi.
Nikachota kwa kikombe, nikamimina kutoka juu,
nikachota, nikamimina.
Somoe akanipokea saa saba, nikampokea saa tisa,
na hakuna aliyeuliza tunamlinda nani.

Kwa nini, wanasema, na bahari ile pale?
Ile hainihitaji.
Nimeishi kando yake miaka arobaini na mitatu
na haijawahi kuniamsha usiku.

Siku ya thelathini na nane: njano tupu, kisha buluu tupu.
Imebaki nitrati, nyekundu, kama majivu jikoni baada ya chakula.
Nikabadili robo ya maji.
Nikarudia kupima, kwa kutojiamini.

Samaki ni mmoja tu. Tulimkuta kwenye dimbwi
maji yalipokupwa, mfupi kuliko kidole cha Somoe,
na jina lake hatujalipata.
Alizunguka kioo chote kwa mashaka,
akapita kwenye feni ya pampu, akarudi,
akaliona lile jiwe lenye tundu la msumari
bibi alipokuwa akitundika kibatari.
Akaingia kinyumenyume,
akageuza uso kutuelekea.

Somoe akasogeza mdomo mpaka kioo kikafanya ukungu.
"Hodi," akasema.