Mlango wa Ghala

Januari, Kilolo. Mvua imetupa siku moja
kama mwenye duka anavyokupa pipi badala ya chenji.
Tukaipokea bila kuhesabu.

Wifi Blandina ameshuka kutoka Dar na boksi la glasi,
kumi na mbili, zenye mguu mmoja kama korongo,
kila moja imevishwa gazeti.
Anataka tule nje. "Kwa mpangilio," anasema,
na mkono wake unaupanga upepo.

Meza ya kutosha sina.
Nikaung'oa mlango wa ghala kwenye bawaba,
nikaulaza juu ya mapipa mawili
kati ya kichaka cha mianzi na mpichesi.
Kitambaa cheupe kikafunika tundu la ufunguo.
Kuku wakapata habari: kutwa nzima waliingia ghalani
na kutoka, kifua mbele,
kama wenye hati ya shamba.

Mwenzao mmoja, asiye na bahati hiyo, alikuwa sufuriani
na uyoga wa alfajiri.
Viazi vilichomwa na maganda yake,
parachichi, chumvi na ndimu basi,
plamsi kwenye beseni la maji baridi
zikigongana taratibu.
Eufrasia alileta mnafu wa karanga,
akauliza uma unakaa upande gani,
akaambiwa,
akauweka upande mwingine.

Mvinyo ulitoka Dodoma, mwekundu, mkavu.
Mjomba Yohakimu alionja, akatazama milima,
akasema ni dawa nzuri.
Akaongeza dozi.

Saa saba akapita Ponsiano, mgema wangu,
dumu mkononi, kisu kiunoni,
ulanzi wa asubuhi, mtogwa, bado mtoto.
"Kamwene."
"Kamwene. Kaa."
Miaka tisa ananiletea,
na siku zote husimama pale uzio unapoishia.
Nikamvutia kiti changu.
Blandina akammiminia katika korongo mmojawapo.

Hapo tukanyamaza.
Kwenye kikombe cha plastiki huwa tunapuliza povu,
tunafumba jicho, tunakunywa.
Kioo hakijui kusitiri:
weupe wa ulanzi ukawaka juani,
na katikati yake nyuki, mzima,
anapiga makasia.

Ponsiano hakuona haya.
Alimtoa kwa kidole,
akamlaza kwenye kitambaa, karibu na chumvi.
"Huyu ndiye mwonjaji wangu," akasema.
"Mkinisifu mimi nitatia maji. Msifuni yeye."

Tukamtazama akijifuta, mguu baada ya mguu.
Blandina, aliyesafiri na leso za mezani za rangi nne,
aliinama kuliko wote.
Nyuki aliporuka
tulipiga makofi kama wajinga.

Saa kumi ukungu ulipanda kutoka bondeni
na tone la kwanza likatua kwenye parachichi.
Hakuna aliyetaka kuivunja meza ile.
"Ibebeni hivyo hivyo!"
Watu sita, watatu huku, watatu kule,
glasi zikinong'ona,
hatua fupi, polepole, kizingiti, inua kidogo,
glasi moja ikazidiwa, ikalala,
nami nikajua mikono yangu imeshaifanya kazi hii:
ndivyo tulivyombeba Feliksi,
aliyeuranda mlango huu kwa msonobari wa Sao Hill
akaniambia, utatuzidi umri sote.
Sikusema neno.
Eufrasia alinitazama, akabadili mkono.

Asubuhi niliurudisha kwenye bawaba zake.
Kuku wamenuna.
Kitambaa nimekisugua kwa majivu na ndimu, kimekubali.
Ubao umekataa:
duara jekundu, kipimo cha kitako cha glasi,
limezama kwenye mti,
na sasa mlango umesimama
liko usawa wa macho.
Kila ninapokwenda kuchota mahindi
nalikuta limenitangulia.
Kamwene, nasema,
kisha nafungua.