Mwenyeji Tangulia

Kioo kilibaki kwenye madirisha ya Iyumbu,
milimita nane, pembe moja imemeguka.
Bosi alisema katupe. Sikutupa.
Nilikikata, nikasugua kingo kwa msasa, nikabana kwa silikoni,
nikaliacha tangi siku mbili limalize harufu yake ya siki.

Mwaka jana sikujua.
Asubuhi nilijaza maji ya bomba, jioni nikamimina samaki watatu
waliosafiri usiku kucha kutoka Dar ndani ya mfuko.
Siku ya nne walikuwa juu, midomo wazi,
wanatafuta hewa kama watu waliolala na jiko la mkaa.
Na maji yalikuwa maangavu. Hilo ndilo lililoniuma:
maangavu kabisa, na yanaua.

Nyemo aliwazika nyuma ya choo, akaniuliza nani kawaua.
Nikamwambia, mkojo wao wenyewe.
Hakuamini.

Safari hii nimeanza na dagaa.
Dagaa mmoja mkavu wa Mwanza,
nimemtia kwenye soksi ya shule iliyopoteza mwenzake
nikamzamisha aoze.
Mama Sekwao kaja kuomba chumvi, kaona pampu inatoa mapovu,
taa inawaka, mchanga wa korongo umeoshwa maji saba,
na ndani hamna kitu ila soksi.
"Fundi, siku hizi unafuga soksi?"

Nimjibu nini? Kwamba humo wamo waliokuja bila kuitwa,
hawaonekani, wameshika sponji na changarawe;
wa kwanza wanakula sumu ya dagaa, wanakunya sumu nyingine,
wa pili wanaila hiyo,
na mpaka hao wa pili wazaane
hii si nyumba, ni kaburi lenye taa?
Nilimpa chumvi.

Jumapili, tone kwenye kichupa: kijani cha mlenda.
Jumapili nyingine: zambarau, kama zabibu za Mpunguzi.
Nyingine: zambarau.
Nyingine: zambarau, na umeme ukakatika saa sita usiku,
nikakaa na kikombe, nachota, namimina kutoka juu,
nachota, namimina, hadi adhana ya alfajiri,
wasikose hewa
hao nisiowajua hata majina.

Mji wetu nao ulitangazwa, ukakaa.
Nimekua nikiuona: barabara pana, viwanja vina namba,
wenyewe hawajafika. Watu walicheka.
Kumbe sisi tulikuwa humohumo,
tunakula ugali wa uwele, tunazaana, tunazikana,
tunayazoeza maji.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Kwenye tangi ni kinyume:
mwenyeji tangulia, mgeni asife.

Siku ya arobaini na tatu tone la kwanza lilibaki njano,
la pili buluu, buluu ya sketi ya Nyemo.
Nilirudia. Nikarudia tena, maana mkono wa fundi hauaminiki.
Nimepunguza maji nusu, nimeongeza yaliyolala kwenye ndoo
tangu juzi yakitoa dawa.

Soksi nimeitoa. Nyemo kaifungua:
hamna mwiba, hamna hata jicho.
"Dagaa kaenda wapi?"
Nikamwonyesha tangi lote kwa kiganja.
Akasogea, akagonga kioo kwa ukucha, taratibu,
hodi,
akangoja.