Kundi B

Zahanati iko sitaha ya kwanza, maji yakitupiga ubavuni,
jirani na chumba cha baridi tunachokiita ghala la maua,
na maua huwekwa humo kweli, siku ambazo hakuna maiti.
Hili hatuwaambii wageni.
Wageni tunawaambia: kichefuchefu ni kawaida,
meza kidonge, tazama upeo wa macho.

Usiku ule upeo haukuwapo.
Jua la saa sita za usiku, lile walilolilipia,
ukungu ulikuwa umelimeza zima.
Svalbard siku moja nyuma yetu, Tromsø siku moja mbele,
na Bi Godelieve, mwalimu mstaafu kutoka Kortrijk,
akitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa.

Daktari Zvonimir alimpima shinikizo mara tatu,
kama mtu anayehesabu tena chenji akijua imepungua.
"Kidonda cha tumbo, Luzviminda. Kimekula mshipa."
Helikopta ilijibu: si sasa. Ukungu.
Saa sita zijazo, pengine saba.
Mumewe alisimama mlangoni
ameshika kiatu kimoja cha mkewe.
Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Meli haina benki ya damu. Benki yetu hutembea kwa miguu.
Saa nane na dakika kumi nahodha akatangaza:
nani ana kundi B?
Wakaja. Kumbe watu ni wema.
Wakaja na majoho ya kuogea, meno wameyaacha kwenye glasi,
miaka sabini na minane, themanini na mmoja,
huyu ana betri kifuani, yule anameza dawa ya kulainisha damu,
mmoja kashika cheti cha uchangiaji
cha mwaka ambao mimi sijazaliwa.
Niliwashukuru. Nikawarudisha kulala.

Kisha nikafungua kabati la mafaili ya wafanyakazi.

Petrus Kopong, mwosha sahani, miaka ishirini na sita.
Alikuja na aproni yake, vidole vimekunjamana
kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni.
Sitaha ya tano na kuendelea haruhusiwi kukanyaga.
Aliuliza neno moja tu: "Msimamizi anajua?"
Nikasema anajua.
Sikuwa nimemwambia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo.
Pale methali iligeuka ndani nje, kama glovu ninapoivua:
mwenyeji kalala, ngumi inafumba, inafumbua,
na upande wa pili wa pazia
midomo ya mgeni inaanza kukumbuka rangi yake.

Alfajiri Bi Godelieve alifungua macho, akautazama mfuko.
"Hii inatoka wapi?"
Nikamwambia majina ni siri.
"Sitaki jina. Nilifundisha jiografia. Nataka mahali."
"Adonara," nikasema.
Akafumba macho, akawa anatafuta.
"Mashariki ya Flores," alisema. "Kuna mlango wa bahari pale.
Mwembamba. Mkondo wake mkali."
Akalala.

Saa tatu ukungu ukapasuka, wakamvuta juu kwa kamba,
na wageni sitaha ya kumi na moja wakapiga picha.
Mchana walilalamika: kisiwa cha dubu tumekipita bila kusimama.

Bili niliichapa mimi mwenyewe, kurasa tano:
sindano, chachi, oksijeni kwa saa, daktari usiku,
mrija, mrija mwingine.
Damu: sifuri.
Niliitazama ile sifuri. Nikaituma.

Siku ya tatu Kopong alipita, eti anataka plasta.
"Bado imo ndani yake?"
"Imo. Chembe huishi siku mia na ishirini hivi."
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Mkataba wangu umebakiza mia na kumi na nane."
Akachukua plasta. Hakuwa na jeraha.
Nikamsikia akishuka ngazi mbili mbili,
sahani za chakula cha jioni zikimngoja.