Eneo la Wazi, Nkuhungu

Kabla hapajaota hata unyasi mmoja
mimi nilikuwa nimeshapapaka kijani,
penseli mbili zimekwisha, ofisini, feni ikizunguka,
na dirishani vumbi la Septemba likibisha hodi
kama mdai anayejua umo ndani.

"Eneo la wazi," imeandikwa.
Wazi kwa nani, ramani haisemi.
Wazi kwa upepo, hilo nililiona siku ya kwanza:
upepo wa Dodoma hauombi njia,
ulininyang'anya karatasi mkononi
ukaenda kuitundika kwenye minyaa ya jirani,
watoto wakaifukuza wakicheka, wakanirudishia
ikiwa na tundu mahali pa lango kuu.

Kamati ilitaka chemchemi.
Maji yaruke juu, yawe na taa za rangi.
Mjumbe mmoja aliiona mji mwingine, ana picha kwenye simu.
Nikauliza: maji hapa hutoka lini?
Jumanne, akasema mtendaji. Na Ijumaa, Mungu akipenda.
Tukanyamaza. Chai ikaletwa.

Ilitaka pia lile jabali livunjwe,
nami nilikuwa nimeshachora kana kwamba halipo.
Halafu nikalisogelea. Upande wa mashariki
limelainika kama sahani, linang'aa,
limesuguliwa na makalio ya watoto
tangu hapa pote palipokuwa shamba la uwele.
Yoramu Mhawi, fundi cherehani wa pale kona,
aliniambia viraka vya nyuma vya kaptura
ndivyo vilivyomsomeshea binti.
Nikatoa kifutio.

Lakini aliyenifundisha kazi ni Damari Chilewa.
Anauza karanga za kuchemsha, ndoo moja, kigoda kimoja,
chini ya mwarobaini pekee uliosalia.
Saa mbili asubuhi yuko magharibi ya shina.
Saa sita ameliegemea, magoti kifuani.
Saa tisa amevukia ng'ambo,
na jioni kivuli kinampeleka karibu na barabara,
wateja wakishuka bodaboda wanamkuta kafika.
"Mimi sikai," alisema, "mimi nafukuzana."

Benchi la zege la mradi uliopita
liko hatua sita kutoka kwake, tupu,
limelikabili jua kama linaungama dhambi.
Halikaliwi ila na mijusi, nao kwa zamu.

Nikarudi siku tatu na kamba na vigingi.
Kila alipohamisha ndoo, nikapigilia kimoja.
"Unanipimia kaburi?"
Nikasema napima mahali pa kukaa watu.
"Si ungeniuliza tu," akasema, akamenya karanga,
ganda akalitia mfukoni mwa kanga, si chini,
nami nikaandika pembeni: pipa la taka, hapa.

Sasa kwenye mchoro viti vinauzunguka mti
kwa upinde ambao chuoni ningenyimwa alama.
Njia imejikunja kupisha jabali.
Korongo la mvua za Januari nimeliacha lipite;
hata ningelikataza, lingepita.
Miche ya migunga arobaini, si mia nne:
arobaini tutaimwagilia,
mia nne tutaizindulia.

Ila kibao kimeshaandikwa, kinasubiri nguzo:
Usikanyage nyasi. Usipande jabali.
Biashara hairuhusiwi.
Sikukiandika mimi.
Sikukizuia pia.

Jana mkuu wa kitengo akaweka kidole
juu ya kiduara kidogo kandokando ya shina,
ambacho hakimo katika ufunguo wa ramani.
"Na hiki?"
Ndoo, nilitaka kusema.
Nikamwambia: alama ya kupimia jua.
Akaitazama kitambo,
akatia saini.