Kabla Hujaiwasha

Mhina, imeshafika Mikanjuni?
Nilimwapisha dereva wa bajaji
asiruke matuta kama aliyebeba nazi.
Usiiwashe kwanza. Iache ipumue,
uisome karatasi hii,
maana mie kwenye simu nasahau nusu.

Anza na umeme.
Ile stebilaiza ya bluu si pambo.
TANESCO wakikata, wakaurudisha kwa hasira,
ndiyo itakayokula kofi.
Mwanzoni sikuwa nayo. Niliunguza bodi
na miezi miwili ya hesabu za kikoba.

Halafu kutu. Tanga hii chumvi haibishi hodi.
Kila mwezi fungua ubavu,
skrubu mbili, ya tatu ilishapotea,
upanguse vumbi kwa brashi ya rangi, laini, kavu.
Usipulize kwa mdomo: mate ni maji.
Mwaka juzi nilimkuta humo mjusi
amejibanza kando ya feni
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.

Ikizimwa, ifunike.
Ile kanga niliikata vibaya,
kipande kimebaki na HUVUTA HERI.
Subira yenyewe nimejifunga mie.

Herufi utazikuta kubwa, za kusomeka toka uani.
Ni mtoto wa jicho huyo, si ushamba. Zipunguze.
Kishale nacho nilikinenepesha, nikakitia manjano,
kilikuwa kinanipotea kama sindano kwenye mkeka.
Picha ya mbele ni ghala la mkonge
nilikopiga taipu miaka ishirini na mbili;
wewe haikuhusu, weka yako.
Kompyuta ni kama godoro,
kila mtu na shimo lake.

Lugha niliiweka Kiswahili. Hiyo iache.
Siku mbili utaona inakutania.
Ya tatu utajiuliza zamani ulikuwa unaelewa nini.

Sasa majalada. Hapa nakiri.
Utakuta BARUA, na BARUA MPYA,
na BARUA MPYA KABISA, na BARUA YA MWISHO,
na BARUA YA MWISHO KWELI.
Zote ni moja, ya kudai kiinua mgongo.
Iliyo sahihi ni ya pili.
Wewe usinifuate: andika tarehe,
mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku,
zitajipanga zenyewe.

Nakala ziwe tatu: moja ndani, moja kwenye flashi,
moja nyumbani kwa mtu usiyegombana naye.
Yangu iko kwa Bi Mwanamkuu,
kwenye kopo la biskuti, na hati ya kiwanja.

Anayekuletea programu ya bure
muulize yeye imemshinda nini.
Masasisho yapakue usiku, bando likiwa rahisi.
Na nywila isiwe Coastal,
mtaa mzima unajua Jumamosi unamlilia nani.

La mwisho. La mwisho kweli.
Ikiwaka utaona maduara mawili.
Moja ni langu, nywila iko nyuma ya karatasi hii,
isome, uichane.
La pili limeandikwa SEMGAYA.
Ni baba'ko mdogo. Nywila yake aliondoka nayo.
Nilijaribu jina langu, likakataa.
Jina la mama yake, likakataa.
Coastal, ikanifungia robo saa,
nikakaa nayo tu, tunatazamana.

Fundi wa Barabara ya Nane alisema
kulifungua ni kazi ya mchana mzima,
kulifuta ni dakika moja.
Nikampa nauli arudi.

Linakula gigabaiti arobaini. Najua diski ni ndogo.
Nafasi ikikubana, anza na barua zangu,
zifute zote, hata ile ya pili,
kiinua mgongo hakiji tena.
Ikikubana bado,
nipigie.