Usizime

Mlango namba sifuri wa ruta ya At-Bashi
niliufunga mwenyewe, kwa vidole vyangu,
saa nne usiku, nikiwa Naryn, ng'ambo ya mlima,
chai imepoa, hita inanuka vumbi lililoungua.

Nilitaka kubadili anwani tu. Tarakimu nne.
Nikaibandika mistari yote kwa mkupuo,
na wa kuhifadhi ukiwa wa mwisho,
kishale kikaganda kama jicho la samaki sokoni.
Njia niliyokuwa nikipita ndiyo niliyoifunga.
Tawi nimelikata, na mimi nimelikalia.

Wenye akili hutega saa kwanza:
nisiporudi kwa dakika kumi, jiwashe upya,
yasahau niliyokwambia.
Wala hawahifadhi kabla ya kuona.
Ndivyo ninavyowafundisha vijana.

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, barabara imefungwa.
Kule zahanatini picha ya mbavu za mtoto
inangoja kusafiri hadi Bishkek.
Aliyepokea simu ni Zuura, mfagizi.

"Chomeka waya wa bluu. Unaona nini?"
"Jina la zahanati, na alama
kama mdomo wa kifaranga."
Herufi za Kilatini hakuzizoea, tukaziita kwa sura:
nyoka, kiti, kikombe, msalaba, yai.
Mdomo wa kifaranga ukageuka uzio.
Tukaingia ndani, kisha ndani zaidi,
kama mtu atafutaye kitu nyumbani, chumbani, kabatini.
Anwani. Kinyago chake. Halafu amri ya mwisho.

"Hii inasema nini?"
"Inasema: usizime."
Kimya. Nikasikia ndoo ikisukumwa kwa mguu.
"Si uiambie iwake?"
"Haina neno hilo, dada. Inajua kuzima
na kutozima. Basi."
"Kama mume wangu wa kwanza," akasema.
"Alijua kununa na kutonuna."

Taa ikawa kijani. Mbavu zikasafiri.

Nililala na viatu. Saa tisa nikashtuka:
sikumwambia ahifadhi!
Kazi yetu yote ilielea kwenye kumbukumbu ya juujuu,
ile inayofutika umeme ukipepesa,
na At-Bashi umeme hupepesa kila usiku.

Nikaita ruta. Ikaitika.
Nikaiuliza imeamka tangu lini.
Dakika ishirini na sita.

"Ulikatika," Zuura akasema, sauti nzito ya usingizi.
"Ile taa ikagoma. Nikarudia."
"Kwa kumbukumbu gani?"

Picha aliyonitumia ilikuwa ya daftari la sabuni:
ndoo tatu, fagio moja, glavu jozi mbili,
na chini yake, kwa kalamu ya zambarau,
nyoka, kiti, kikombe, msalaba,
amechora hadi magamba ya nyoka.

Nikahifadhi.
Nikahifadhi tena.