Njiwa Hawasomi Notisi

Nyumba yangu ni ya matofali mekundu, mtaa wa nyuma wa Roubaix,
nyembamba, ndefu kwenda juu kama fitina.
Niliinunua kwa miaka thelathini na mmoja ya kiwanda cha sufu:
kila tofali ni zamu ya usiku,
kila kigae ni kikohozi.

Fabrice alikuja mwezi wa Mei, kofia mkononi,
na Maryse mkewe, na matenga manne yaliyofunikwa shuka.
"Ni njiwa tu, Bi Ghislaine. Wa mashindano. Hawana makelele."
Nikacheka.
Ndipo nilipokosea, pale kwenye kucheka.

Miezi miwili alilipa.
Wa tatu alinipa nusu, na maelezo ya kujazia pengo.
Wa nne maelezo matupu.
Wa tano hata maelezo aliyabania.

Nilipiga hodi. Pazia likatikisika, mlango haukutikisika.
Nikainama kwenye tundu la barua, nikaona soksi zake
zimesimama koridoni, zinanisikiliza.
Tukakaa hivyo, mimi na soksi,
tukingojeana nani atachoka.
Nilichoka mimi. Mgongo.

Ilipoingia baridi, jirani yangu Szymkowiak
akaniambia kasikia msumeno usiku.
Asubuhi moshi wa dohani ulinukia nta.
Nta yangu! Zile nguzo ishirini na mbili za ngazi
nilizozisugua kila Pasaka kwa kitambaa cha fulana ya marehemu,
zilikuwa zinawapasha miguu.

Karatasi zikatembea kwa magoti mwaka mzima.
Hakimu, kijana mwenye mafua,
akasoma, akapenga, akasema haki ni yangu.
Kisha akatazama kalenda:
"Ila ni Novemba, Mama. Majira haya hatutoi mtu nje.
Subiri Machi iishe."
Nikarudi na haki yangu kwenye treni,
kama koti lililofuliwa likaganda kwenye kamba:
ni langu, lakini halivaliki.

Sikuitukana sheria ile. Siwezi.
Nilikuwa na miaka sita tulipotolewa nje,
godoro juu ya theluji, mimi juu ya godoro,
mama akitafuta sufuria lenye mfuniko wake
kana kwamba mfuniko ungetusaidia.
Najua sheria ile ilizaliwa wapi.
Lakini kodi ya jengo haijui, na benki haijui,
nami nilishinda Januari nzima na sweta mbili
nikihesabu deni la mtu anayeota moto wa ngazi yangu.

Aprili. Dalali wa mahakama, polisi wawili, fundi wa kufuli
aliyefungua mlango wangu kwa dakika moja na bili ya siku nzima.
Fabrice akatoka na televisheni.
Akatoka na matenga, moja moja, taratibu,
kama anayebeba supu.
Maryse alishika taa isiyo na balbu.
Alipofika kwangu alisema, akiangalia viatu vyangu,
"Utusamehe kwa ngazi."
Nilikuwa nimejiandalia maneno mwaka na nusu.
Hakuna hata moja lililokuja.

Wakahamia kwa dada yake, Maubeuge.
Siku ya tatu nikiwa napangusa masizi
nikasikia kitu darini.
Wanne.
Jioni wakawa tisa. Kesho yake kumi na mmoja,
wamejipanga kwenye boriti, wananitazama
kama mimi ndiye niliyechelewa.

Nikampigia simu dalali.
"Hati yangu inataja watu wazima wawili," akasema.
"Ndege hawamo."

Jumapili Fabrice alisimama ng'ambo ya barabara,
shingo juu, midomo ikihesabu.
Aliponiona akavua kofia.
Nikapanda juu, mkono ukutani
maana hakuna pengine pa kushika,
na bakuli la mahindi kwapani.

Mlango sijamfungulia.
Dirisha la darini, hilo, nimeliacha wazi.